Njia ya Masisi Iko Wazi

Mwaka ambao askari waligeuza shule yetu kambi na kupikia maharagwe kwa kuni za madawati, niliteremka kutoka milima ya Masisi nikaenda kuishi Sake kwa shangazi yangu. Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa na Kiswahili katika sekondari. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa na nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano nyuma ya soko, na aliuza jibini za kwetu, zile za mviringo zenye ngozi ya manjano. Shamba lake lilibaki huko juu. Kila jioni alilizungumzia kama mtu anavyomzungumzia mgonjwa aliyemwacha hospitalini: leo maharagwe yangekuwa yanatoa maua, leo yangekuwa yanalilia palizi.

Kazi niliipata kwa sababu ya zile jibini. Miongoni mwa wateja wake alikuwamo mke wa Papa mmoja, kama tunavyowaita wanaume wazima kwetu, mtu kutoka Butembo, muuza vipuri vya pikipiki, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi. Baada ya duka lake kuvunjwa mara nyingi, Papa huyo aliamua kuachana na vipuri na kuuza kinga yenyewe. Alianza na alarmi za maduka. Akafuatisha vidude vidogo vinavyofichwa chini ya malori ya Fuso ili mwenye gari ajue liko wapi. Mwisho akaanzisha kitu ambacho kila mtu wa barabara ile alikihitaji: ukijiandikisha kwake, simu yako inaita kabla hujatoka nyumbani, na sauti inakuambia hali ya njia yako. Habari zilitoka kwa walimu, wauguzi na wenye maduka waliokuwa kule milimani, ambao walimpigia fundi wake simu kila walipoona jambo.

Shangazi alimwambia yule mama kwamba nyumbani kwake kuna mwalimu wa lugha, binti wa ndugu yake, anayekaa bure. Kesho yake nikaitwa.

Papa alinipa kiti, akanisikilizisha tangazo lao la redio. Mtu alikuwa akipiga kelele juu ya muziki kama anayeuza bia. Kisha akanionyesha ujumbe wa simu alioutunga fundi: maneno mafupi ya herufi kubwa, kama amri ya jeshi. Mwisho akanipa karatasi ya Kifaransa iliyoandikwa na mtu wa Goma, imejaa maneno ambayo mimi, mwalimu wa lugha hiyo, ilinibidi niyarudie.

“Mwalimu,” akasema, “tunasema kama watu watatu wenye hawajuane. Wateja hawajue kama tuko askari, ao wachuuzi, ao wazungu. Mi nataka tuseme kama muntu mumoja. Ututafutie ule muntu.”

Nilidhani itakuwa kazi nyepesi. Nilikuwa nimefundisha watoto kutunga insha, ningeshindwaje kutunga mazungumzo ya kampuni?

Neno la kwanza kunishinda lilikuwa jina la biashara yenyewe: usalama. Katika barabara ile, mtu akikuambia yeye ni wa usalama, mkono wako unaingia mfukoni wenyewe, maana kila kizuizi kilikuwa na watu wa usalama na kila mmoja wao alikula. Nikajaribu ulinzi. Lakini kila kilima kilikuwa na walinzi wake, na walinzi wa kilima hiki ndio waliochoma nyumba za kile. Adui sikuthubutu kuligusa, kwa kuwa wateja wetu walikuwa Wahunde, Wanande, Wanyarwanda na Wanyanga, na adui wa mmoja alikuwa mtoto wa mwingine. Hata kimya, neno nililolipenda tangu utotoni, lilikuwa limeharibika. Shangazi aliponisikia nikilisoma kwa sauti aliacha kukata jibini, akasema kwamba kule kwetu siku ya kimya ndiyo siku watu wanafunga mizigo.

Nikawa napita sokoni, naketi na wauza viazi, na madereva, na wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, nawasomea sentensi na kutazama nyuso zao. Jioni nilirudi nyumbani nimepoteza neno lingine. Polepole nilielewa kwamba vita vilikuwa vimetangulia kupita ndani ya lugha yetu, vikachukua kila kilichokuwa na thamani, na mimi nilikuwa naokota makombo.

Yaliyobaki yalikuwa maneno madogo. Tumeona. Tumeambiwa. Iko wazi. Imefungwa. Hatujui. Juu ya hilo la mwisho tuligombana na Papa kwa siku kadhaa. Aliona ni aibu kwa kampuni kukiri ujinga.

“Nani atalipa ili aambiwe hatujui?” akaniuliza.

Nilimjibu kwamba waongo wote wa barabara ile walikuwa wanajua kila kitu, na kama tunataka kutofautiana nao hatuna budi kuanzia hapo. Fundi, aliyekuwa akichomelea waya pembeni, aliniunga mkono. Yeye alikuwa mtu wa Pinga, baba wa mabinti, mtulivu, mwenye tabia ya kuzima chombo chake kwanza ndipo aongee. Alisema mama yake mzazi angelipia simu inayokiri haijui kuliko ile inayomdanganya. Papa akakubali bila kututazama.

Tulikwenda Pinga kwa pikipiki, mimi na fundi, yeye akifunga antena na mimi nikiwajaribia watu sauti yangu, niliyokuwa nimeirekodi kwa mara ya kwanza. Njia ilikuwa tope na miti iliyoanguka. Tulivusha pikipiki juu ya magogo huku tukiomba Mungu. Pinga watu walikusanyika uani kwa wakwe wa fundi, wakaisikiliza simu kwa heshima kubwa. Kisha mama mmoja anayeuza mawese akacheka, akasema kwamba ule ni mdomo wa muntu mwenye alishakula. Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimesoma kama mtangazaji, neno likiwa limenona.

Usiku ule wakwe walitueleza jinsi habari ya msiba inavyopelekwa kwao. Mpeleka habari hapambi maneno wala halii. Anataja alichokiona, anataja mahali, ananyamaza. Kulia ni kwa wenyewe, si kwake. Tukiwa njiani kurudi nilijua yule mtu mmoja aliyemtaka Papa ni nani. Alikuwa mpeleka habari ya msiba.

Tulirekodi upya katika chumba cha nyuma cha Papa, kuta zimetundikwa mablanketi. Fundi alinieleza kwamba mashine itaunganisha maneno yenyewe kulingana na habari za siku, kwa hiyo kila neno lirekodiwe peke yake, kwa mwendo ule ule na uzito ule ule. “Usifurahi mu neno moja na kuhuzunika mu lingine,” akasema. “Mutu asisikie penye tumeshona.” Nikataja majina ya njia zote: Sake, Kirotshe, Masisi, Nyabiondo, Pinga. Nikataja asubuhi na mchana. Nikataja magari yanaweza kupita, magari yasipite. Kila nilipoteleza tulirudia, hadi sauti yangu ikawa kama maji yaliyotulia kwenye beseni.

Na kweli watu waliipenda. Kila ujumbe ulianza kwa maneno mawili, “Ni sisi,” kisha habari, kisha kimya. Tangazo la redio nikalisoma kwa namna ile ile, na karatasi za Kifaransa nikaziandika kwa namna ile ile. Madereva walinifahamu nilipoomba chumvi sokoni. Waligeuka kabla sijamaliza neno. Shangazi alijivuna. Aliweka simu juu ya meza ya jibini ili wateja wasikie, kisha akawaambia kwamba huyo anayesema analala nyumbani kwake. Sijui kama niliwahi kumfurahisha hivyo nilipokuwa mwalimu.

Furaha hiyo haikuwa na mahali pa kukaa. Vita vilikuwa vinashuka. Neno imefungwa lilianza kutoka kila asubuhi, na wateja wengine wakajitoa wakisema hawana haja ya kuambiwa kila siku kitu kile kile. Baadhi ya watu wetu wa milimani waliacha kupokea simu. Papa alikonda. Alianza kukaa ofisini baada ya misa bila kufungua madirisha.

Wakati huo binti wa shangazi, dada yangu niliyelelewa naye, alijifungua kwa kupasuliwa katika hospitali ya Kirotshe, kando ya ziwa. Mimi ndiye niliyekwenda kumuuguza, kwa kuwa shangazi hakuweza kuacha meza yake. Nilimwogesha, nikamfulia, nikambeba mtoto ili mama yake alale. Maziwa ya dada yalikuwa machache. Wauguzi walisema ale, na sisi chakula chetu kilikuwa cha kubahatisha.

Asubuhi moja simu ya mgonjwa wa kitanda cha jirani iliita, akaiweka wazi ili wote tusikie. “Ni sisi,” nikasema ndani ya simu ile. “Njia ya Masisi iko wazi tangu asubuhi. Magari yanaweza kupita.”

Wodi nzima ilipumua. Mgonjwa alinitazama akaniuliza kama ni mimi, nikasema ni mimi. Sikushangaa hata kidogo kusikia habari nisiyoijua, kwa maana ndivyo mashine ilivyokuwa ikifanya siku zote. Niliiamini sauti yangu kama wengine walivyoiamini. Nilisimama dirishani nikaona hata ziwa limechangamka.

Punde shangazi akanipigia. Alikuwa sokoni, nyuma yake injini zinanguruma. “Nimesikia sauti yako, mutoto wangu,” akasema. “Minapanda Fuso sasa hivi. Maharage imekomaa, itaozea kule bure na mugonjwa wetu hana cha kula. Kesho niko hapo na gunia.”

Nikamwambia, “Enda vizuri, Shangazi.”

Baada ya mchana fundi alifika Kirotshe kwa pikipiki. Nilimwona akivuka ua wa hospitali na helmeti kichwani, hakuivua. Alisema ujumbe wa asubuhi haukuwa wetu. Mtu wetu wa Masisi alikuwa amepiga simu mapema kueleza kwamba wenye bunduki wamejaa barabarani, na yeye fundi alikuwa ameiweka njia ile kwenye imefungwa, kisha akaenda kurekebisha alarmi ya duka moja. Huku nyuma watu wakaingia ofisini kwa Papa. Hawakuvunja kitu. Walimkalisha mbele ya mashine, wakamwambia wanahitaji magari yapande, na kwamba wao wamejaribu kuwaita madereva kwa njia zao lakini madereva wanaisikiliza ile sauti ya mwanamke tu. Papa akachagua maneno. Yalikuwemo yote. Niliyarekodi mwenyewe, neno moja moja, kwa uzito ule ule.

Nilipiga namba ya shangazi. Alinijibu yule mwanamke wa mtandao ambaye hachoki, akisema mteja hapatikani. Nikapiga tena. Niliendelea mpaka chaji ikaisha, kisha nikaomba simu ya mgonjwa jirani.

Kesho yake nilirudi Sake, nikakuta magari kadhaa yameteremka, matupu. Dereva wa Fuso iliyompandisha shangazi alirudi kwa miguu. Alinieleza akiwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, viatu mkononi. Walisimamishwa kwenye kona iliyo juu ya mikaratusi, wakateremshwa, mizigo ikachukuliwa. Kisha risasi zikaanza kutoka upande mwingine na kila mtu akakimbilia anakojua. Mama wa jibini alikuwa nyuma yake kwa muda. Alimsikia akimuita. Alipogeuka hakumwona. Dereva hakunilaumu. Alisema tu kwamba angepata habari nyingine yoyote asingewasha gari, lakini aliposikia ni sisi aliwasha.

Nilimkuta Papa ofisini. Alikuwa amevaa shati la jana. Sikuwa na nguvu ya kumtukana, na yeye hakujitetea. Alisema walipomwonyesha picha ya watoto wake kwenye simu yao, wametoka shuleni na mabegi mgongoni, mikono yake ilifanya kazi yenyewe. Kisha akaniambia kwamba zimebaki Fuso nyingine zinazojiandaa kupanda, kwani wenye magari wanadhani waliorudi walipatwa na wezi tu. Akaniomba nirekodi ujumbe wa kuwazuia. Sentensi nzima nzima, kwa mdomo wangu, si ya kuunganishwa na mashine.

Tuliingia katika chumba cha mablanketi. Nikasema: “Ni sisi. Habari ya jana ilikuwa ya uongo. Njia ya Masisi imefungwa. Msipande.” Sauti ilivunjika katikati. Fundi aliomba turudie. Mara ya pili ilitetemeka zaidi, na mara ya tatu nilishindwa kufika mwisho. Nilijaribu kuwa mpeleka habari asiyelia, lakini safari hii msiba ulikuwa wangu. Fundi akautuma ule wa kwanza, akisema labda ndivyo watajua ni kweli.

Haikuchukua muda simu za ofisi zikaanza kuita. Wateja walikuwa wanatuonya. Kuna mwanamke anaiga sauti yenu, wakasema, analialia, anataka kuwaharibia kazi. Mwenye Fuso mmoja, mteja wetu tangu mwanzo, aliongea na Papa kwa upole kabisa.

“Papa, sauti yenu tunaijua,” akasema. “Ile iko sawa siku zote. Huyu si yeye.”

Papa alimwambia kwamba ni mimi, na kwamba nimesimama hapo hapo mbele yake. Akanipa simu. Nikasema ni mimi, kwa sauti ile ile iliyovunjika. Yule bwana akasema pole dada, wewe sikujui, na akakata. Fundi alikimbia hadi kituo cha magari kuwazuia kwa mikono yake. Wengine walimsikiliza. Fuso mbili zilikuwa zimekwisha kuondoka, zimepanda kuelekea Mushaki na abiria juu ya magunia.

Habari za shangazi nilizitafuta kwa kila aliyeteremka. Nilikwenda parokia, nilikwenda kwa watu wanaoandika majina ya waliopotea, nikakaa foleni na wenzangu wenye picha. Mimi picha yake niliyokuwa nayo ilikuwa ya harusi ya zamani, uso mdogo nyuma ya mabega ya wengine. Mwanamke mmoja wa Nyabiondo alisema aliona watu wanazikwa karibu na ile kona, wanaume na wanawake pamoja, lakini hakukaribia. Hilo ndilo jambo la mwisho nililosikia kumhusu.

Kisha Sake yenyewe ikahama. Mabomu yalianguka upande wa soko, na mji wote ukaingia barabara ya Goma, magodoro vichwani, mbuzi wamefungwa kwenye chukudu. Nilitembea na dada yangu, aliyekuwa ametoka hospitalini, yeye akishikilia kidonda chake, mimi nikiwa na mtoto mgongoni. Hakukuwa na ujumbe wowote siku ile. Antena zilikuwa zimelala.

Kambini tulipewa turubai juu ya mawe ya volkano. Wiki za kwanza nilikuwa nasema kama kawaida, mpaka siku moja penye bomba la maji nilipouliza nani wa mwisho kwenye foleni. Wanawake walio mbele yangu waligeuka. Mmoja akauliza kama mimi ndiye wa simu. Nikaitikia. Nilitegemea wanitukane, na nadhani ningepumzika kama wangenitukana. Badala yake wakanizunguka na ndoo zao. Walitaka niwaambie kama njia ya Masisi iko wazi. Mmoja alikuwa na mume kule, mwingine ng'ombe, mwingine kaburi ambalo hakumaliza kulifunika. Nikawaambia sijui chochote, kampuni imekufa. Hawakuamini. Walidhani nawaficha, kwamba watu kama mimi hatuwezi kukosa habari. Tangu siku hiyo nilimtuma dada kuchota maji.

Fundi alikuja kunitembelea mara moja kabla hajaenda Kisangani kutafuta kazi. Familia yake ilikuwa imetoka Pinga kwa miguu kupitia msituni na binti mmoja alikuwa bado anatema damu. Papa alikuwa amerudi Butembo. Fundi alikuwa amesikia kwamba Papa anauza tena vipuri na haendi misa. Nilimuuliza juu ya zile rekodi. Akafuta vumbi kwenye goti lake, kisha akasema mashine ilibaki Sake katika chumba cha nyuma, hakuwa na jinsi ya kuibeba, na nyumba ile sasa inalala watu wengine.

“Wanajua kuitumia?” nikamuuliza.

“Niliifanya ikuwe rahisi,” akasema. “Njo vile Papa alitaka.”

Alituachia unga na sabuni akaondoka.

Dada yangu hajawahi kunilaumu. Mtoto anatambaa sasa, anakula mawe madogo tusipomwangalia. Mvua ikipiga turubai na hatuna la kufanya, dada huniuliza mama alisema nini siku ile kwenye simu. Namwambia: alisema maharage yamekomaa, alisema kesho yuko hapa na gunia. Huniuliza nami nilimjibu nini, na hilo pia namwambia. Anamfunika mtoto, anageukia upande wake. Asubuhi tunaenda wote wawili kutafuta makaa ya kuuza, na njiani anayeongea na wateja ni yeye.